Nauli za Hospitali: Jinsi ya Kutibiwa Dar Bila Kumaliza Pesa Barabarani

Nyumba yangu iko Kimara, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yake. Kwa sababu hiyo tu, ukoo mzima umeigeuza nyumba ya wagonjwa. Akitoka mtu Njombe kuja kliniki, anafikia kwangu. Shemeji wa Tabora akipewa rufaa, namba ya kwanza kupigiwa ni yangu. Na maswali ni yaleyale miaka yote: nije na shilingi ngapi, nishuke wapi, nije na nani. Nimeona niyaandike mara moja, kila anayeuliza nimtumie.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza. Nauli ya daladala hakuna atakayekupunguzia. Kinachommaliza mgonjwa ni safari ya bure, ile unayofika saa kumi na mbili asubuhi na kuambiwa "daktari wako yuko Alhamisi". Hatua nyingi hapa chini ni za kuikwepa safari hiyo.

Na onyo: kubana matumizi si kuruka tarehe. Mionzi, dripu za saratani, kusafisha damu, dawa za kifua kikuu, vyote hivyo vina ratiba yake, na ukikatiza unajiharibia tiba. Kama leo umefika pa kuchagua kati ya kukopa nauli na kutokwenda, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Barua ya rufaa yenyewe, pamoja na nakala mbili.
- Kitambulisho (NIDA ikiwezekana) na kadi ya bima kama unayo.
- Majibu yote ya vipimo vya nyuma, zikiwemo picha za eksirei au CT. Picha ukiisahau nyumbani, unapigwa nyingine au unarudishwa.
- Simu inayokaa na chaji. Ya batani inatosha. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mgonjwa au la anayemuuguza, maana hospitali na ndugu watatuma ujumbe na pesa huko.
- Namba ya simu ya kliniki unayokwenda.
- Daftari dogo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nauli ndiyo mali inayopotea haraka kuliko zote.
- Nauli ya kurudi, imefungwa peke yake. Usiiguse hata mgonjwa akitamani pweza.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya safari zote, si ya moja

Watu huniambia "nauli ni elfu na mia tano tu". Ndiyo, kwa kwenda, kwa mtu mmoja, kwa siku moja.

Chukua mfano wa mgonjwa aliyepangiwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano. Ratiba ya namna hiyo ni ya kawaida kwa saratani ya mlango wa kizazi. Tuseme anakaa kwa mwanawe pembezoni mwa jiji na anapanda magari mawili, jumla 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Akiwa na msindikizaji, ni 6,000 kwa siku. Mara 25, ni 150,000. Wakiamua kutumia bajaji ya 10,000 kwenda na 10,000 kurudi, inakuwa 500,000. Mgonjwa ni yuleyule na tiba ni ileile.

Anayesafisha damu mara tatu kwa wiki ana safari 156 kwa mwaka. Kwake hata tofauti ya shilingi 500 kwa safari ni pesa ya kukaa na kuifikiria.

Andika kwenye daftari: idadi ya safari × nauli ya kwenda na kurudi × idadi ya watu. Kama hujui idadi ya safari, muulize daktari au muuguzi wa kliniki hivi: "Kwa matibabu haya, nitakuja mara ngapi mpaka tumalize?" Hawakasiriki. Wengi hawaambiwi kwa sababu hawajauliza.

Hatua ya 2: Uliza kama ni lazima iwe Dar

Swali hili liulize kwa daktari anayeandika rufaa, kabla hajapiga muhuri. Ukishapanda basi umechelewa.

Mtu wa Kanda ya Ziwa mwenye saratani anaweza kutibiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na mionzi ipo hukohuko. Wa Kaskazini ana hospitali ya KCMC, Moshi. Wa kanda ya kati ana hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma, ambako wanapandikiza mpaka figo. Huduma ya kusafisha damu nayo imeenea kwenye hospitali nyingi za mikoa, kwa hiyo mtu asihamie Dar kwa ajili hiyo kabla hajauliza kwao.

Kuna pia madaktari wanaomfuata mgonjwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ina tiba mkoba, wataalamu wake wanazunguka mikoani kupima moyo. Tangu 2024 kuna kambi za madaktari bingwa wa Dkt. Samia kwenye hospitali za wilaya. Muulize mganga mkuu wa wilaya yako ni lini wanakuja. Ukipimwa nyumbani na kuambiwa huna tatizo la kukuleta Dar, umeokoa nauli yote.

Kwa mkazi wa Dar mambo ni hayohayo kwa kiwango kidogo. Kidonda cha kusafishwa kila siku hakihitaji Muhimbili. Omba daktari akuandikie uendelee zahanati ya mtaani au hospitali ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala.

Hatua ya 3: Piga simu, na usome karatasi mara mbili

Hapa nina la kukiri. Shangazi yangu alitoka Njombe na karatasi iliyoandikwa Muhimbili. Nikampokea stendi ya Mbezi alfajiri, tukaenda moja kwa moja Upanga. Tumepanga foleni mpaka saa nne, kijana wa dirishani akaiangalia karatasi na kutuambia kwa upole kwamba tarehe yetu ni Mloganzila. Iliandikwa palepale, herufi kubwa. Basi la shangazi lilikuwa limeipita njia ya Mloganzila usiku, kabla hata halijafika Mbezi! Tukageuza, mgonjwa na mabegi, kwa gari la kukodi. Sitaji bei, mke wangu anaweza kusoma hapa.

Kwa hiyo shika jiografia hii:

- Muhimbili Upanga iko mjini. Ndani ya eneo hilohilo zipo Taasisi ya Mifupa, MOI, na Taasisi ya Moyo.
- Muhimbili Mloganzila iko nje kabisa ya mji, ukitoka Mbezi kuelekea Kibaha. Anayekuja kwa basi la Barabara ya Morogoro anaweza kumwomba konda amshushe Kibamba, asifike Mbezi.
- Ocean Road, hospitali ya saratani, haimo Muhimbili. Iko ufukweni, mbele kidogo ya Ikulu.
- CCBRT, hospitali ya macho, fistula na watu wenye ulemavu, iko Msasani.

Ukipiga simu uliza mambo matatu: daktari wangu ana kliniki siku gani, nije na nini, na je, siku hiyo si sikukuu? Watu husahau Sabasaba na Nanenane. Idi nayo hutegemea mwandamo, kwa hiyo usikate tiketi ya kufika siku ambayo huenda ikawa Idi.

Hatua ya 4: Safari moja ifanye kazi tatu

Kliniki nyingi zinakwenda hivi: leo daktari, kesho damu, keshokutwa picha, wiki ijayo majibu. Ukinyamaza, ni safari nne. Ukisema, mara nyingi zinakuwa mbili.

Mwambie muuguzi unatoka wapi. "Dada, natoka Chanika, magari mawili. Naomba nitoe damu leoleo." Mgonjwa anayetoka mbali anasikilizwa zaidi kuliko tunavyodhani, lakini lazima aseme, na aseme asubuhi, si saa nane mchana wahusika wakiwa wanafunga.

Kisha uliza haya:

- Vipimo vya damu vya safari ijayo naweza kuvifanya hospitali ya karibu na kuja na majibu?
- Dawa naweza kupewa za miezi miwili au mitatu? Anayetumia ARV na hali yake imetulia anaweza kupewa za miezi mingi kwa mara moja, hadi sita. Wa presha na kisukari waulize pia.
- Majibu yakiwa mazuri, naweza kujulishwa kwa simu?

Kama nyumbani mna wagonjwa wawili wa kliniki moja, omba tarehe zao ziwe siku moja. Wazee wangu wawili wa macho walikuwa wanapishana siku tatu kila mwezi mpaka mtu mmoja alipofikiria kuuliza.

Hatua ya 5: Chagua gari la kutoka mkoani

Basi la daraja la kawaida lina nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Kwa bei zilizotangazwa Desemba 2023, ni shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya lami, na daraja la kati ni 67.84. Zidisha kwa kilomita za njia yako na utajua kama unapigwa. Kata tiketi ofisini au kwa wakala unayemjua, kamwe usikate kwa mpiga debe anayekubebea begi kabla hujamwambia unakwenda wapi. Dai tiketi yenye jina lako. Kama kuna mwajiri au mfuko wa kukurudishia pesa, bila tiketi hurudishiwi hata senti.

Treni ya SGR, ile mpya ya umeme, imebadilisha hesabu za watu wa Morogoro na Dodoma tangu ilipoanza 2024. Ilianza na nauli ya kawaida ya 13,000 Morogoro–Dar na 31,000 Dodoma–Dar. Mtoto wa chini ya miaka minne halipi, na wa kuanzia minne hadi kumi na mbili hulipa nusu. Kwa mgonjwa wa mgongo au nyonga ningeichagua hata ingezidi basi kwa elfu tano: unasimama, unanyoosha mguu, choo kipo. Kata mapema na uwe na kitambulisho, maana siku za sikukuu nafasi zinaisha.

Lakini treni nzuri isikudanganye. Mgonjwa wa mionzi anayetaka kurudi Morogoro kila Ijumaa atalipa 26,000 kwa wikiendi. Wiki tano zina wikiendi nne katikati, kwa hiyo 104,000, na wakiwa wawili 208,000. Mara mbili kurudi kuona watoto sawa. Mara nne ni ugonjwa mwingine.

Hatua ya 6: Kutoka stendi hadi hospitali

Mabasi mengi ya mikoani huishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, wengi wanafika saa tisa au kumi za usiku, na huo ndio wakati bei ya teksi hupanda. Kaa ndani ya stendi mpaka pakuche. Saa kumi na moja na nusu daladala zinatembea.

Kwenda mjini, shika gari hadi Kimara kisha mwendokasi. Wa Muhimbili Upanga ashuke kituo cha Fire, kutoka hapo si mbali. Asiyeweza kutembea achukue bajaji fupi. Wa Ocean Road aende mpaka mwisho, Kivukoni, kisha afuate barabara ya ufukweni. Mwenye nguvu anatembea.

Mwendokasi ya asubuhi kuelekea mjini ni vita. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji usimpeleke pale saa moja. Mpandishe kituo cha mwanzo apate kiti, au aondoke kabla ya saa kumi na mbili.

Ukilazimika kukodi, patana kabla ya kukaa, au tumia programu ya simu inayoonyesha bei mapema. Bodaboda kwa mwenye mshono au mfupa uliofungwa: hapana. Utaokoa elfu tatu leo na kurudi MOI kesho.

Hatua ya 7: Lala kwa ndugu wa gari moja

Watu huchagua pa kufikia kwa ukaribu wa damu. Chagua kwa idadi ya magari. Binamu wa mbali anayekaa kando ya Barabara ya Morogoro anafaa kuliko kaka wa tumbo moja anayekaa ndani-ndani, ambako ni boda, daladala, daladala. Kaka atanuna siku mbili. Mweleze hesabu ya hatua ya 1, ataelewa.

Wa Ocean Road wengi hawafikirii Kigamboni, na mimi naipenda. Ukilala karibu na feri, unavuka kwa shilingi 200 na kushukia Kivukoni, hapohapo karibu na hospitali, bila foleni ya magari. Gesti za ng'ambo nazo zina unafuu kuliko za Upanga. Kasoro yake ni kungoja pantoni, kwa hiyo toka mapema.

Mzazi wa mtoto mwenye saratani anayetibiwa Muhimbili aulizie Ujasiri House, nyumba inayohudumiwa na Tumaini la Maisha kwa ajili ya watoto hao na walezi wao. Usikodi chumba kabla hujauliza wodini.

Hatua ya 8: Ulizia msaada bila aibu

Ofisi ya ustawi wa jamii ipo kwenye kila hospitali kubwa ya serikali. Watu hudhani ni ya mafukara wa kutupwa. Ni ya yeyote aliyekwama, na huko ndiko kunakoanzia maombi ya msamaha wa gharama za matibabu. Ukisamehewa gharama ya kipimo, pesa hiyo ndiyo nauli yako. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kama umetoka mkoani bila hiyo barua, mwombe mtendaji aitume kwa simu.

Mengine ya kujua:

- Mjamzito, aliyejifungua au kichanga kikizidiwa: piga 115, bure. Ni mfumo wa m-mama, ulizinduliwa kitaifa 2022, unakuletea gari la wagonjwa au gari lililosajiliwa na hulipi nauli.
- Mwanamke mwenye fistula (kuvuja mkojo au haja kubwa baada ya uzazi mgumu): CCBRT inatibu bure, na kwa miaka mingi imekuwa ikituma nauli ya mgonjwa kwa M-Pesa. Piga simu kabla hujauza kuku.
- Umeumia kazini: mwajiri atoe taarifa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na tunza risiti zote za usafiri.
- Mtumishi wa umma: onana na afisa utumishi kabla ya safari. Ukirudi na madai bila kibali, utazungushwa.
- Bima: hulipia matibabu. Usipange bajeti ukidhani italipa na daladala.

Hatua ya 9: Punguza msafara

Hili ndilo gumu, maana ni la ukoo. Mgonjwa anahitaji msindikizaji mmoja. Awe anayejua kusoma, mwenye miguu ya kupanda ghorofa kwenda dirisha la malipo, na asiyeogopa kuuliza. Mara nyingi huyo ni binti wa miaka ishirini na mbili, ila familia humtuma baba mkubwa kwa heshima, na baba mkubwa naye anahitaji wa kumsindikiza.

Halafu kuna Noah, ile gari ya abiria wanane. Mgonjwa akilazwa, watu wanane wanachanga, wanakodi Noah kutoka mkoani, wanafika saa ya kuona wagonjwa imepita, wanalala kwangu, wanakula kwangu, wanarudi. Pesa ya Noah ile ingelipa nauli ya mgonjwa mwezi mzima. Sisemi msije. Njooni wawili, waliobaki tumeni mchango kwenye simu ya anayeuguza, na mgonjwa mpigieni jioni mmsalimie.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika, mashine mbovu au daktari hayupo.* Usiondoke kimya. Omba tarehe mpya iandikwe kwenye kadi, na namba ya kupigia kabla ya kurudi. Kesho yake piga kwanza, panda gari baadaye.

*Pesa imeisha katikati ya mionzi.* Usitoroke. Mwambie muuguzi wa mionzi siku hiyohiyo, nenda ustawi wa jamii, kisha omba ndugu wachange nauli ya wiki, si ya mwezi. Elfu thelathini hupatikana upesi kuliko laki na nusu.

*Mtu koridoni ananiambia nimpe elfu ishirini aniingize leo.* Ni kishoka. Malipo ya hospitali ya serikali yanakwenda kwa namba ya malipo na yana risiti. Mlinzi yuko mlangoni, mwambie.

*Nimepoteza kadi ya kliniki.* Namba ya faili inatosha kukutafuta. Ndiyo maana iandike kwenye daftari na pia umtumie ndugu mmoja kwa meseji.

*Mgonjwa hawezi kukaa kwenye basi, na gari la wagonjwa la kukodi ni ghali.* Kabla ya kuruhusiwa, muulize daktari kama anaweza kupewa siku chache zaidi, au ahamishiwe hospitali ya mkoa wake kwa gari lao. Kama anaweza kukaa ila kwa shida, kata viti viwili vya mbele. Bado ni nafuu.

*Tumeshamaliza, ila tarehe ya kuangaliwa ni baada ya miezi mitatu.* Uliza kama bingwa huyo huja mkoani kwenu. Asipokuja, kateni tiketi mapema, fungeni nauli ya kurudi peke yake, na mnijulishe siku mbili kabla. Godoro la wageni huwa nalianika.